Ziara Kumi na Tisa za Shemeji

Anifa Mabruki alistaafu ukarani tarehe 30 Juni 2019, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi moja ya serikali mjini Tabora. Siku hiyo ilikuwa Jumapili na ofisi ilikuwa imefungwa, kwa hiyo funguo za masijala alizirudisha Jumatatu asubuhi, akataka asainiwe kwamba zimepokelewa. Karatasi hiyo bado anayo.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Bosi wake wa kwanza alimfundisha kuandika kilichosemwa na aliyekisema, si alivyokielewa yeye. Alipiga chapa malalamiko mengi ya watu walioshinikizwa kuhama viwanja, walioshurutishwa kusaini, waliotishiwa kufukuzwa. Kutisha watu namna hiyo vijana wa stendi wanakuita kuchimba mkwara. Anifa aliamini kwamba mtu akitishwa, maneno yenyewe yatajionyesha.

Mumewe Sabiri, fundi cherehani, alifariki mwaka 2022. Nyumba waliyoishi Anifa aliinunua mwenyewe miaka miwili kabla ya ndoa, na hati ina jina lake peke yake. Mdogo wa marehemu, Nasri, mfanyabiashara wa mchele, alitaka nyumba ihamie kwenye ukoo wao. Alileta karatasi ya kuikabidhi, akaiacha mezani isubiri saini.

Kisha akawa anaifuatilia. Alikuwa akija Ijumaa baada ya swala, kanzu imepigwa pasi, na hakupaza sauti hata mara moja. Anifa alimtengea kahawa ya tangawizi, na alipoondoka aliandika kwenye daftari tarehe na maneno yake.

Ziara ya nne: "Shemeji, nyumba hii mbao zake kavu. Moto hauchelewi."

Ziara ya tisa: "Mtu wa umri wako akianguka bafuni, nani atajua?"

Ziara ya kumi na tano: "Nimepita kule nyuma. Kumbe ule mlango haufungi vizuri."

Tangu ziara ya tisa Anifa alikwenda kuoga na simu. Baada ya ile ya kumi na tano alipanda basi hadi Sikonge, akaificha hati kwa Flavia, karani mwenzake wa zamani. Ziara ya kumi na tisa Nasri alisema, "Tunakuombea uamue mapema. Mapema ndiyo salama." Alipotoka, Anifa aliivuta ile karatasi, akaandika A ya jina lake, akaweka kalamu chini. Jumatatu yake alikwenda kushtaki baraza la kata.

Shauri lilisikilizwa Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024. Mwenyekiti Bernardo alilipitia daftari lote, akavua miwani.

"Mama Anifa, hapa sioni palipoandikwa kwamba alikutisha."

"Hakusema ananitisha, mwenyekiti. Nimeandika aliyosema."

Nasri alicheka. "Mnaona? Mimi nimekwenda kumjulia hali mke wa kaka yangu. Na kila nikienda ananichemshia kahawa. Anayetishwa anachemsha kahawa?"

"Wewe ni mgeni, Nasri," Anifa alijibu. "Mgeni hanyimwi kahawa. Hata wewe."

Watu kwenye mabenchi waliguna. Mjumbe mmoja, Recheli, mkunga mstaafu, aliomba daftari. Alimuuliza Nasri kama bado ana ghala karibu na stesheni. Nasri alisema analo. Recheli alimtazama na kuanza kusoma taratibu, kwa sauti ya kuulizia hali.

"Bwana Nasri, ghala lako lile magunia yake makavu. Moto hauchelewi."

Nasri alitabasamu.

"Mtu wa umri wako akianguka kule ndani, nani atajua?"

Tabasamu lilipungua.

"Nimepita kule nyuma. Kumbe ule mlango haufungi vizuri."

"Mlango upi?"

"Tunakuombea uamue mapema, Bwana Nasri. Mapema ndiyo salama."

"Sasa mama, mbona unanitisha mbele za watu?"

Recheli alifunga daftari. "Nimekusomea maneno yako, mwanangu. Nimebadilisha nyumba tu."

Karani wa baraza, Godbless, alinyanyua kichwa. "Niandike hilo la Nasri, mwenyekiti?"

"Andika alivyosema."

Anifa naye, kwa mazoea, alikuwa ameshaliandika kwenye kiganja. Kisha akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yakatikisika, na ilichukua muda watu kujua kwamba anacheka.

Nasri aliichana yeye mwenyewe ile karatasi, ambayo Anifa alikuja nayo ikiwa na herufi yake moja. Alisaini mbele ya baraza kwamba nyumba haidai tena, na kwamba hatakwenda kwa shemeji yake mpaka aalikwe.

"Na asiponialika?" aliuliza.

"Kunywa kahawa kwako," alisema Bernardo.

Alasiri hiyo Anifa alioga maji ya moto kwa muda mrefu. Simu aliiacha sebuleni ikichaji. Iliita mara mbili, hakutoka.

Keshokutwa yake fundi alibadilisha kitasa cha mlango wa nyuma. Jumamosi Anifa atapanda basi la asubuhi kwenda Sikonge kwa Flavia, achukue hati yake, arudi nayo nyumbani.