Kiganja cha Hosiana

Hosiana alikuwa anatengeneza unga wa lishe hapa Katoro, na nusu ya watoto wa mji huu wamenenepa kwa mkono wake. Mtama, ulezi, mchele, soya, na karanga nyingi kuliko alivyolazimika kuweka, maana hakuwa mchoyo. Mimi nauza dagaa kibanda cha pili, na nyumba tumepanga moja, mlango kwa mlango. Kwa hiyo ninayosema nimeyaona, sikusimuliwa.

Aliyekonda kama njiti alikuwa mtoto wake mwenyewe, Blessing. Alikuwa na miaka miwili, na nguo za mwaka mmoja zilimpwaya. Tangu alipoanzishiwa uji alikuwa akitapika, akitoka vipele, midomo ikivimba. Tukasema minyoo. Tukasema meno. Sokoni mama mmoja akapaza sauti ili wateja wasikie: "Muuza lishe, wa kwako je?" Watu wakacheka, nami nikacheka, tena nikashika mbavu. Baba mtoto, Thobias, mwanaapolo anayeshinda mashimoni akisaka dhahabu, alikuwa akirudi mwisho wa wiki anamwinua mtoto kwa mkono mmoja na kusema, "Huyu unamlisha au unamhesabia siku?"

Basi Hosiana akamlisha. Njia yetu kila mwanamke aliyelelewa na bibi anaijua: unampakata mtoto chali, unakinga kiganja mdomoni mpaka kinagusa pua, unamimina uji kwenye kiganja. Akitaka kupumua lazima ameze. Sisi tulinyweshwa hivyo na tupo. Blessing alipopata nguvu za kurusha miguu, nikaitwa: "Mama Gregory, njoo unisaidie." Nikawa nashika miguu. Asubuhi na jioni, miezi minane. Kila alipozidi kukonda tulizidisha karanga, eti apate mafuta mwilini. Nikikumbuka hilo natamani kujizaba makofi.

Siku macho yake yalipovimba mpaka yakafunga, na kifua kikaanza kupiga filimbi, tulimpakia bodaboda mpaka hospitali. Walipomtuliza, daktari aliuliza anakula nini, akauliza tena, kisha akasema ni mzio. "Ana aleji ya karanga, mama. Kwake ni sumu. Asionje tena, hata chembe." Hosiana hakulia. Alitazama mikono yake, na kwenye kucha bado kulikuwa na unga.

Kesho yake akaacha biashara. Akasugua sufuria kwa majivu, akawa anamtwangia Blessing mtama mtupu kwenye kinu kipya, kwa sababu mashine ya mtaani inasaga karanga za kila mtu. Vipele vikakauka. Kutapika kukakoma. Tukashangilia mapema kama wajinga.

Maana mtoto hakula. Akimwona mama yake na kikombe, alibana midomo, akafumba macho na kugeukia ukutani. Hosiana alibadili kikombe, akaleta kijiko, akapika ndizi, akapika wali, akaimba nyimbo zote za Kisukuma alizozijua. "Kula, mayu, kula mama yangu. Tazama, mikono naiweka nyuma." Mtoto akaanza kutetemeka. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hofu huchelewa kutoka kuliko vipele, tusimlazimishe. Lakini tusimlazimishe mpaka lini? Kila tukienda kliniki, uzito ulikuwa umeshuka.

Siku moja Hosiana alikwenda kuteka maji, nami nilikuwa nakula wali kwa mchuzi wa dagaa mlangoni pangu. Blessing akaja polepole, akatia mkono kwenye sahani yangu, akala. Sahani yangu mimi, niliyemshika miguu miezi minane! Hakuwahi kuniona usoni wakati ule. Alichokuwa akikiona ni kiganja na mwenye kiganja. Kuna haki gani hapo? Alikula matonge saba. Mama yake alipotokea na ndoo, akatema lililokuwa mdomoni.

Tulijaribu kila namna. Hosiana akajificha nyuma ya ukuta. Mtoto akasikia kikohozi chake, akaacha kula. Hosiana akawa anakwenda mpaka barabara ya Ushirombo saa za chakula. Akirudi, mtoto hagusi cha jioni. Mwishowe akaniachia mtoto, akaenda kuosha vyombo kwenye mgahawa kule Buseresere, akawa anakuja Jumamosi. Jumamosi na Jumapili Blessing haonji kitu, Jumatatu tunaanza upya. Sokoni wakapata jipya la kusema: muuza lishe katelekeza mtoto. Thobias akakubaliana nao, kisha akarudi zake mashimoni.

Jana nilimpeleka kliniki. Kilo kumi. Muuguzi akasema, "Hongera, mama," nami sikumrekebisha. Nilipotoka nikampigia Hosiana. Alicheka, akalia, akacheka tena. Kisha akauliza, "Jumamosi iliyopita sikupata ruhusa ya kuja. Alikula?"

"Alikula."

"Na Jumapili?"

"Sahani nzima, akaomba nyingine."

Nilikuwa nasikia vyombo vikigongana huko aliko.

"Alinitafuta?"

Ningeweza kumdanganya. Sijui kwa nini sikumdanganya. "Hapana," nikasema.

"Basi na wiki hii siji."

Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia ndiyo vizuri.