Mama Mkaa na Chumba cha Kuchorea

Dharau ingekuwa inauzwa kwa kilo, Mama Mkaa angekuwa na maduka mji mzima. Alianza kufundisha kuchora kwa mkaa katika chuo cha sanaa nywele zake zikiwa nyeusi. Nywele zimeshabadilika, kucha bado nyeusi vilevile. Mwanafunzi akimletea kazi mbaya hakumwambia ni mbaya. Aliitazama, akamtazama mwenyewe, kisha akauliza, "Kwenu wazima?"

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido: madirisha makubwa, vibao vya kuchorea vyenye miguu mitatu, kiti kibovu kilichochorwa na kila kundi la wanafunzi, na vumbi jeusi mpaka kwenye swichi ya taa. Mkaa haushiki kwenye karatasi. Kiwiko kikipita tu, kazi ya siku nzima imekwenda. Ndiyo maana kila alipomaliza picha aliipulizia spree ya nywele, fsss, ikaganda. Kopo halikukosekana kwenye mkoba wake, na alipuliza bila hata kufikiri, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati.

Ndipo akaja mkuu mpya wa idara. Huyu naye! Suti inambana, maneno yanampwaya. Kutwa kucha ni "kuoanisha mkono na dijitali", na hakuna aliyewahi kumwona ameshika hata penseli. Wanafunzi wakambandika jina, Bwana Skrini. Akatoa amri: Mama Mkaa achore kwa tableti mbele ya mkuu wa chuo mwisho wa muhula. Akishindwa, chumba chake kinageuzwa maabara ya kompyuta.

"Nipimwe mimi? Na yule?" alifoka nyumbani. "Hata yai hawezi kulichora!"

Binti yake, kitinda mimba, alikuwa mwanafunzi wa idara hiyohiyo, na mkaa na tableti vyote alivimudu. Akamwekea mama yake tableti juu ya meza ya chakula. Vituko vikaanza. Mama alisugua kivuli kwa dole gumba kama alivyozoea, picha ikavimba ikajaa kioo kizima. Akainama akapuliza.

"Mama, hapa hakuna vumbi."

"Ndiyo maana hakuna picha."

"Nisikilize basi. Ukimaliza, bonyeza hapa ili isipotee. Hapa tu."

"Wewe nimekufuta kamasi mimi, leo unifundishe kumaliza picha?"

Lakini binti akitoka tu, tableti ilirudi mapajani. Mama Mkaa aliogopa. Bila kile chumba, hakujua asubuhi angeamka aende wapi.

Siku ikafika. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umepakwa rangi nyeupe upya kwa amri ya Bwana Skrini, ili projekta yake ionyeshe vizuri ukutani. Mkuu wa chuo, mzee wa watu asiyeishiwa usingizi, alikaa mbele. Binti alikaa nyuma na wenzake.

"Chora kilicho mbele yako," Bwana Skrini akasema, akajisimamisha hapohapo, kidevu juu.

Akamchora. Loo! Tumbo, tai, shingo iliyojaa cheo, vyote vikajitokeza ukutani mstari kwa mstari. Mkuu wa chuo usingizi ukamwisha. Mama Mkaa akaweka mstari wa mwisho, akarudi nyuma hatua moja, na mkono, pasipo kutumwa na mtu, ukaingia kwenye mkoba.

Fsss!

"Ala! Unaipulizia nini mashine yangu?" Bwana Skrini aliruka. Akaivua tai, akaanza kukifuta kile kioo kwa nguvu zake zote, anasugua, anabonyeza, anasugua tena. Ukutani picha ikavimba, ikakimbilia kwenye kona, ikatoweka. Ukabaki mwanga mtupu.

"Hakuihifadhi!" akapiga kelele, mtu mzima hovyo. "Hakuna picha, hakuna alama. Chumba ni cha kompyuta!"

Mama Mkaa aliona aibu, aibu ya kweli, maana aliambiwa na hakusikia. Mdharau mwiba, guu huota tende, na la kwake lilikuwa limevimba mbele za watu. Kisha akaitazama ile tai iliyolowa, na hasira ikamshika. Akatoa kipande cha mkaa, akaufuata ule ukuta mpya, akasimama katikati ya mwanga wa projekta. Akamchora upya, safari hii kama alivyokuwa dakika ile: tai mkononi, macho yamemtoka pima, anasugua. Akaipulizia picha kona hadi kona, taratibu.

"Haya," akasema. "Na hii ifute."

Mkuu wa chuo alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanga wa mashine, mkaa wa mama. Si ndiko huko kuoanisha unakotupigia kelele kila siku? Chumba abaki nacho. Na ukuta huu asiuguse mtu."

Siku hizi Mama Mkaa anafundisha vyote viwili, ila kabla hajashika tableti humkabidhi binti yake lile kopo bila kuombwa. Bwana Skrini bado anaongoza mikutano ya idara, ameupa mgongo ule ukuta wenye picha. Walimu wanamsikiliza kwa makini sana, macho yote juu ya kichwa chake.