Mwanamke Aliyesimama Mbele ya Tivi

Ukicheka nikimaliza kusimulia sitakulaumu, maana hata mimi nilijaribu kucheka nikashindwa. Ila usiseme nimetunga. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, nimeshiba, sina homa wala usingizi. Na palikuwa Ukunda, dukani, watu wamejaa.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi za wanawake. Kama wewe si wa huku kwetu pwani, huenda hujui mambo ya kupamba. Siku hiyo bibi harusi huketishwa jukwaani nywele wazi, na wageni wake, wanawake peke yao, huvua mabuibui wakacheza watakavyo. Mwanamume haingii. Simu hukusanywa mlangoni, zikatiwa kwenye beseni. Mwenye ruhusa ya kupiga picha ni mmoja tu, mwanamke mwenzao, na picha zile kwake ni amana. Hiyo ndiyo riziki yangu, na ndoto yangu ni siku moja kuwa na studio Diani, yenye kibao mlangoni na kiti cha kuzunguka. Usinicheke, kila mtu ana chake.

Sasa, nilikuwa nimepiga kupamba ya Mwanakombo, msichana wa Bongwe, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Bi Mejumaa. Tulipomaliza, Bi Mejumaa alinishika mkono akaniambia, "Binti yangu, huyu hana mama wa kumlilia akiaibika. Asionwe na jicho la mwanamume." Nikamwambia inshallah, na wallahi nilikusudia.

Tatizo lilikuwa kioo cha laptopu yangu. Kidogo, na pembeni kimeingia weusi. Nyuso za watu nilikuwa naziona kama punje za mtama, macho yananiuma hadi naona nyota. Rafiki yangu mmoja anayejua kompyuta akanishauri ninunue tivi kubwa ya mtumba, niichomeke kwenye laptopu, niifanye kioo cha kazi. Lakini akanionya kwamba si kila tivi inafaa. Kwanza nifungue maandishi madogo nione kama herufi zinachuja. Kisha nitazame kama picha inakatwa pembeni. Halafu nisukume kishale cha laptopu, nione kama kinanifuata au kinachelewa. Tivi nyingine, alisema, unasukuma leo kishale kinafika kesho.

Nikaenda na laptopu yangu begani hadi duka moja karibu na Kona ya Musa, linalouza tivi zilizotolewa mahotelini. Muuzaji alikuwa jamaa wa bara, mcheshi, kila mteja wa kike kwake ni siz. Tivi ya kwanza herufi zilikuwa na ukungu. Ya pili ikakata pembeni. Ya tatu, ya inchi hamsini na tano, ilikuwa imetundikwa ikitazama barabarani, na herufi zake zilisimama kama zimechongwa. Moyo ukanidunda. Nikajiona tayari niko Diani.

"Hapo umeona maandishi tu, siz," jamaa akasema. "Weka kazi yako yenyewe, ucheki rangi."

Kwa nini nilimsikiliza? Nimejiuliza mara ngapi. Ningeweza kufungua picha ya bahari, ya paka, ya chochote. Lakini nilitaka kujua rangi ya ngozi na ya hina zitatokaje, na jamaa alikuwa amegeuka anamhudumia mtu mwingine. Nikasema, sekunde mbili tu. Nikafungua video ya Mwanakombo.

Ikajaa tivi nzima. Mwanakombo huyo, mabega wazi, nywele zimemwagika, mkubwa kuliko mlango, anatazama barabara ya Ukunda. Nikasukuma kishale nifunge, kishale kikakwama. Kumbe sikuwa nimekijaribu. Nikabonya hapa, nikabonya pale, wapi. Nje wanaume watatu wakasimama kusalimiana. Mmoja akaanza kugeuza kichwa kuelekea kwenye kioo.

Ndipo akapita mwanamke. Buibui jeusi, uso umefunikwa, harufu ya udi kali ya kukukaba koo. Akasimama mbele ya tivi, akatandaza mikono, na buibui lake likafunika kioo chote kama pazia. Kioo cha inchi hamsini na tano, niamini, chote. Akasema polepole, "Mwanangu, mfunike Kijoyo wangu."

Nikachomoa waya. Nilipoinua uso kumshukuru, hakuwepo.

Nikamuuliza muuzaji yule mama kaenda wapi. "Mama gani?" akasema. "Tivi imezima yenyewe, siz, mbele ya wateja. Umeniaibisha." Wale wanaume watatu wakamtania kwamba anauza masanduku meusi, wakaenda zao. Hakuna aliyeona mwanamke. Hakuna aliyemwona Mwanakombo pia, alhamdulillahi. Muuzaji aliona giza, wao waliona giza, mimi peke yangu niliona buibui.

Niliinunua tivi ile ile. Kuiacha pale baada ya yale niliona kama kumtupa mtu. Nyumbani nikafunga mlango, nikafungua video, na nyuma ya kiti cha Mwanakombo nikamwona yule mwanamke amesimama. Ukumbi mzima wamevua mabuibui, yeye peke yake amevaa. Nikatazama kwenye laptopu, hayupo. Kwenye tivi, yupo.

Sikulala vizuri siku tatu. Ya nne nikaenda Bongwe, nikampa Bi Mejumaa shikamoo, nikaungama kila kitu nikingoja matusi. Hakunitukana. Aliniuliza tu nirudie lile jina. Nikarudia. Akakaa kitako kwenye mkeka.

"Mamake ndiye aliyemwita Kijoyo," akasema. "Alikufa hata arubaini ya uzazi haijafika. Tangu siku ile hakuna aliyelitamka, nilikataza mwenyewe."

Mwanakombo alikuja kwangu wiki iliyofuata, shangazi yake kishamweleza. Akaniomba nitoke chumbani, nimwache na tivi. Nilikaa barazani tangu adhuhuri hadi alasiri. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Aliniambia tu, "Dada, usiiuze."

Sijaiuza. Ndiyo kioo changu cha kazi mpaka leo, ingawa kuzoea sijazoea. Nikihariri harusi ya mtu yeyote nikasahau mlango wazi, kioo kinaingia giza, na harufu ya udi inapita nyuma ya shingo yangu. Nainuka, nafunga mlango, picha inarudi. Mafundi wawili wamekifungua na hawakuona kibovu.

Basi wewe unayekwenda kuchagua tivi ya kutumia na kompyuta, jaribu kishale kwanza kabla ya yote. Na ukitaka kuona rangi, fungua picha yako mwenyewe. Amana ya mtu usiifungue dukani, hata kwa sekunde mbili. Mimi nilipata wa kunisitiri. Wewe huenda usimpate.