Kitambaa cha Mlango wa Ghala

Mimi ni fundi cherehani, na nguo chafu nikiiona mikono inaniwasha. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa lilikuwa langu na kiherehere changu.

Nilikuwa nimefika jana yake kwenye mji huu mdogo wa wakulima alikozaliwa baba. Marehemu alikataa katakata kutuleta. Tukimuuliza bibi alikufa na nini, alijibu, "Homa," akainuka akaondoka. Sasa kabaki dada yake, shangazi yangu. Macho yamekwisha, anatembea kwa fimbo na kupapasa kuta.

Asubuhi nikafagia uwanja wa nyuma. Kwenye kitasa cha mlango wa ghala kilikuwa kimefungwa kitambaa chekundu, vumbi tupu na utando wa buibui. Nikakifungua, nikakifua, nikasugua na kitasa kwa sabuni, nikakianika kitambaa. Tena nikajisifu, mjinga mimi!

Jirani mwenye mashine ya kusaga akaja kurudisha ungo. Alipoona kamba ya nguo, ungo ukamdondoka.

"Nani kakitoa kile?"

"Mimi. Kilikuwa kichafu."

"Mama wee! Ghala lina dawa ya fukusi mle! Ile ni sumu, mtu akiivuta hatoki. Kitambaa nakifunga mimi na kukifungua mimi, hewa ikishapita. Shangazi yako akikikosa, anajua kuko salama. Yuko wapi?"

Dakika chache nyuma alikuwa ameniambia anakwenda kuchota mahindi ya kuku.

Nilikimbia, kanga ikabaki njiani. Mlango ulikuwa umerudishiwa, kufuli linaning'inia wazi, na fimbo yake imelazwa chini, imekatiza kizingiti.

"Shangazi!"

Nikaita tena.

"Shangaziii!"

Nikaushika mlango. Mwenye mashine akanikumbatia kwa nyuma, akanivuta. "Ukiingia mtakuwa wawili!" Nikamng'ata mkono, haki ya Mungu nilimng'ata, wala hakuniachia. Niliona nitakavyowapigia ndugu zangu simu: nimekwenda kumsalimia shangazi, nimemuua kwa sabuni.

"Mnamchinja nani huko?"

Sauti ilitoka kwenye ua wa jirani. Shangazi alikuwa anakuja, ameshikilia miti ya ua, mguu mmoja hauna ndala. Nikamwangukia miguuni.

"Nimekwenda kumtafuta huyu bwana mashine," alisema, "kumbe yuko hapa anapigana mieleka na wewe. Fimbo nimeilaza mlangoni ili mtu ajikwae kabla hajaingia."

"Lakini kufuli ulishafungua, shangazi. Ulijuaje?"

"Nimepapasa, kitambaa hakipo, nikafungua. Kisha mkono ukanukia sabuni. Huyu tangu lini akafua kitu?"

Mwenye mashine akacheka kidogo, akipuliza mkono nilipomng'ata. Shangazi hakucheka. Alinishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kitasa kilinukia hivihivi siku aliyokufa mama yetu. Baba yako alikuwa na miaka kumi. Alitaka kumfurahisha mama, akafua kitambaa na kusugua kitasa."

Nilikwenda kwenye kamba, nikakianua kitambaa kikiwa bado kinachuruzika maji, nikakifunga kwenye kitasa mafundo matatu. Shangazi akaja akayapapasa, moja moja, akanisogeza kando, akaongeza la nne.