Moyo Uliporudia Fujo Zake

Nilirudi Kimamba kutoka Dar es Salaam nikiwa na kovu refu kifuani na masharti mengi. Nisibebe ndoo, nisifue mablanketi, nisiwe na haraka. Walikuwa wamenitengenezea valvu ya moyo, na siku ya kuniruhusu waliniambia kwamba yale mapigo ya ovyo yaliyonisumbua miaka mingi yametulia. Mume wangu aliwasimulia watu wote wa sokoni. Aliusimulia upasuaji vizuri kuliko mimi niliyepasuliwa.

Jirani yangu ni Mluguru, nami babu yangu alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, kwa hiyo tunataniana. Alipokuja kunipa pole, macho yake yalianzia kwenye kabati la vyombo.

"Kumbe umerudi," alisema. "Mimi nilishachagua sahani."

Nilicheka hadi mshono ukauma.

Asubuhi moja, baada ya wiki chache, tulikuwa barazani kwangu tunamenya mbaazi mbichi. Ghafla nikasikia moyo umeruka, ukasita, kisha ukaanza kwenda mbio bila mpango, vilevile kama zamani. Mbaazi zikanimwagika. Niliwaza jambo moja tu: basi, yote yale yamekwenda bure.

"Una nini?" mtani wangu akauliza.

"Moyo. Umeanza tena."

Akanishika mkono, akatafuta mapigo kwa vidole. "Mnyamwezi wewe! Hata ukiwa umekaa, moyo wako unakimbia na mizigo ya watu?"

Lakini tayari alikuwa anampigia simu mume wangu.

Kilosa walinipima, wakatuandikia twende hospitali kubwa zaidi, Mikumi. Mtani alipanda gari bila kualikwa, kanga yake ya jikoni ingali na maganda ya mbaazi, akanishikilia kila tulipopita penye mashimo.

Daktari alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," niliitikia huku nikihema.

Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye mistari iliyokosa mpangilio. Akanipima pia kwa mashine ya kuonyesha picha ya moyo. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mama, valvu yako inafanya kazi vizuri. Mapigo haya huwarudia wengi baada ya upasuaji, kwa sababu moyo wenyewe bado unapona. Umefanya vyema kuja mapema. Tutakupa dawa ya kuyatuliza, na ile ya kuzuia damu isigande usiiache."

"Kwa hiyo haikuwa bure?"

"Haikuwa bure hata kidogo. Yakirudi, utakuja, tutayatuliza tena."

Sijui kwa nini neno lile "tena", lililonitisha asubuhi, lilinifariji lilipotoka kinywani mwake. Walinilaza wodini, nikalala usingizi mzito. Kesho yake walipobandika nyaya, mistari ilikuwa imepangana vizuri. Mume wangu aliomba aipige picha karatasi ile kwa simu yake.

Mtani alipoingia wodini alisimama katikati ya vitanda. "Jamani, mwenye kitanda hiki hajambo, na mimi nimepata hasara!" Wodi nzima ikaangua kicheko. Nesi, akicheka hadi kujifuta machozi, alimwamuru atoke.

Siku ya kurudi nyumbani, mume wangu, ambaye hajui kutunza siri, alisema garini, "Huyu unayemwona alilia sana jana, pale bombani nje."

"Nilikuwa nanawa uso," mtani alisema.

"Kwa saa nzima?"

"Uso wangu mkubwa."

Nikamshika mkono, naye akageukia dirishani asinitazame. Tulipofika kijiji cha Ulaya, kabla ya Kilosa, alimwambia dereva asimame, akanunua ndizi mbivu na kunichagulia iliyo nzuri kuliko zote. Tulikula njia nzima hadi Kilosa, tukibishana kwa sauti kubwa nani kati yetu ni mzee zaidi.