Nembo ya Kutosha kwenye Muhuri

Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuna watu ambao kwao kitu hakijazaliwa mpaka kipate muhuri. Umejenga daraja, malori yanapita, mbuzi wanapita. Wao watakuuliza muhuri wa daraja uko wapi. Afisa, na hilo ni jina si cheo, aliwajua watu hawa tangu utotoni, ila hakudhani kwamba siku moja wangemfuata mpaka ndani ya kompyuta yake.

Alikuwa mtu wa Koboko, mji jirani na Arua, binti wa askari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya kuamrisha aliyoirithi kwa baba na uvumilivu mdogo aliojitengenezea mwenyewe. Alisomea kompyuta Kampala, akarudi nyumbani, akaandika programu aliyoiita Pampu. Kazi yake ni nyepesi kueleza: pampu ya kisima ikiharibika, mtunzaji anafungua ukurasa kwenye simu, hata simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, anabonyeza mahali palipoharibika, na fundi aliye karibu anapata ujumbe. Basi. Ilikuwa programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi kwa yeyote: auchukue, aurekebishe, aupeleke anakotaka. Watu wa Arua, wa Yei ng'ambo ya mpaka, na mmoja wa Norwe asiyejua Koboko iko upande gani wa dunia, walijitolea kuitengeneza hapa na pale. Programu ilifanya kazi. Hapo ndipo wakubwa wa Arua waliponusa harufu.

Mzee Obitre, mstaafu aliyewahi kuongoza kila kitu Arua isipokuwa mvua, alilisikia neno "huria" akalielewa kwa namna yake. Kitu kisicho na mwenyewe, alieleza, lazima kiwe na mwenyekiti. Akawa yeye, na kamati ikaundwa chini yake. Afisa alicheka. Walipoomba anwani ya tovuti isajiliwe kwa jina la kamati, na shughuli yote ya nembo na sura ya tovuti iwe mikononi mwao, akawapa. Kwake hayo yalikuwa mambo ya kupaka kucha rangi. Yeye alikuwa na msimbo wa kuandika. Dharau hiyo ndiyo iliyomleta Arua Alhamisi moja asubuhi, kwenye ukumbi wa hoteli chini ya Arua Hill, uso umekunjwa kama barua.

Mkutano ulifunguliwa kwa dua, kisha kwa sala, kisha kwa utambulisho, ambao ulikuwa mrefu kuliko dua na sala pamoja kwa kuwa kila mtu alijitambulisha na vyeo alivyokwisha kuviacha. Mikutano ya huko huendeshwa kwa Kiingereza wakati wa kuandika muhtasari, na kwa Kiswahili wakati wa kugombana. Kiingereza hakikudumu.

Mchoraji alikuwa Yakani, mtu aliyeishi kwa kadi za harusi na mihuri ya mpira. Alibandika ukutani karatasi yenye duara kubwa tupu.

"Mbona duara?" Afisa akauliza.

"Injinia, muhuri iko duara."

"Nani ametaja muhuri?"

Yakani akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini sufuria iko wazi juu. "Sasa barua ya mradi utagonga na nini? Na kidole?"

Ukumbi ukacheka. Duara likaanza kujazwa. Mjumbe wa Adumi alitaka mhogo, kwa sababu watu wa kwao wangeuliza. Mmoja akataka msalaba, mwenzake akataka mwezi; wakabishana kwa adabu kubwa, kisha wakapatana kuweka jua, kwa kuwa jua halina dhehebu. Ukaingia Mto Nile. Akaingia tembo, ikaingia mikono miwili inayosalimiana, na kompyuta, na kitabu kilichofunguliwa ambacho hakuna aliyekumbuka kimepitia wapi. Pampu yenyewe ilikosa nafasi. Ikasukumwa nyuma ya tembo, ukabaki mpini wake tu ukitokeza kama mkia wa pili.

Afisa aliupiga picha mchoro, akaupunguza mpaka ukawa wa ukubwa wa alama ya kwenye simu, akauinua juu. "Hii ni nini?"

Wajumbe wakakodoa macho. "Inzi," alisema mjumbe wa Adumi, mkweli kwa bahati mbaya. "Inzi aliyekanyagwa."

"Tutaongeza wino," akasema Yakani.

Tovuti ilikuwa mbaya zaidi, maana hiyo ilikwisha kutengenezwa. Iliandaliwa kwa utaratibu wa sherehe: wakubwa mbele, kazi mwisho. Ukiifungua unakutana na Mzee Obitre ndani ya suti, picha nzito kama gunia la mhogo mbichi. Chini yake salamu za mwenyekiti. Chini yake dira. Chini yake dhamira, ambayo ilikuwa dira iliyobadilishwa shati. Kisha picha za wajumbe zikipishana zenyewe kwa zenyewe kama wapita njia sokoni. Chini kabisa, mahali ambapo watu huweka ndoo na mafagio, palikuwa na kitufe cha kuripoti pampu iliyoharibika. Na Jumatatu anwani ambayo watunzaji wote waliizoea ingeanza kufungua ukurasa huu, ule wa zamani ungezimwa.

Afisa akampigia Night Poni, mtunzaji wa kisima kimoja nje ya Koboko, ambaye asubuhi ile alikuwa ametumiwa ukurasa mpya aujaribu. Akaiweka simu kwenye spika, katikati ya meza.

"Mama, imefunguka?"

"Injinia, iko nazunguka."

"Tangu saa ngapi?"

"Mimi nimepika chai, watu wamekunywa, wameenda shamba. Iko nazunguka tu. Sasa imeleta nywele."

"Nywele gani?"

"Nywele ya muzee moja. Uso bado."

Wajumbe walikohoa ndani ya makaratasi yao. Obitre hakukohoa. "Mwambie aende mahali network iko nzuri."

"Mzee, pampu hapana tembea," Afisa alisema. "Ikiharibika, mtu yuko pale pale, na mtandao wa pale pale. Ukurasa ukikaa hivi, wataacha kuripoti. Pampu zitalala, watu watarudi kuchota mtoni."

"Wageni kutoka Kampala wakifungua, wanataka kuona wenye mradi. Mambo ya pampu wataona huko chini."

Kura ikapigwa. Picha ikashinda.

Afisa akasimama. "Basi mimi nachukua nakala ya programu. Sheria yake inaniruhusu mimi na mtu yeyote. Nitaifungulia anwani ingine."

Alitarajia vita. Maneno makali alikuwa nayo tayari, mengine ya kambini kwa baba yake, yasiyofaa mbele ya watu wa sala. Obitre alimtazama kwa upole wa kweli, na upole huo ukamkera kuliko yote ya asubuhi ile.

"Enda nayo, mwanangu," alisema. "Wewe chukua programu. Sisi tutabaki na mradi."

Hakuwa akitania. Wajumbe walipiga makofi, katibu akaandika, wakahamia kwenye ajenda ya fulana.

Programu ilihama kwa muda wa kunywa soda. Watu hawakuhama nayo. Afisa aliwatumia watunzaji anwani mpya kwa ujumbe. Wengi waliufuta, wakidhani ni matapeli. Ikambidi apande boda, aende kisima kwa kisima, akiilaani kamati kwenye kila shimo la barabara, na mara mojamoja, mashimo yalipokuwa makubwa, akijilaani yeye aliyewapa anwani huku anacheka.

Night Poni alimpokea kisimani, akaichukua simu ya Afisa, akautazama ukurasa mpya. Ulikuwa mweupe, una maneno machache na kitufe.

"Na picha?"

"Hakuna picha, mama. Picha ndiyo ilikuwa inazunguka."

"Sasa mimi nitajua namna gani kama iko yako? Juzi mutu alituma kitu nyeupe namna hii hii, jirani yangu akabonyeza, simu yake yote ikakufa. Mimi hapana bonyeza kitu bila alama."

 Miezi yote ile Afisa alikuwa amewacheka waliodhani nembo ndiyo mradi. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu wa kisimani naye anataka kujua mlango anaoufungua ni wa nani. Alikaa kwenye saruji yenye maji, akachora kwa kidole juu ya kioo cha simu: mpini, mweusi, mnene, basi. Kitu chepesi kuliko neno moja la salamu za mwenyekiti.

Night Poni akainama kuutazama. "Hii nini?"

"Mpini wa pampu."

"Aa, Injinia! Hii iko mguu ya kuku. Na kuku yenyewe mgonjwa."

"Lakini utaikumbuka?"

"Mbaya namna hii, nani atasahau?"

Afisa aliiweka vilevile kwenye ukurasa, bila kuinyoosha. Night Poni akabonyeza kwenye simu yake mwenyewe, huku akieleza kwa sauti, wanawake wote wenye madumu wasikie, jinsi shule yote ile ya Kampala ilivyoshindwa kumfundisha mtu kuchora, na ukurasa ukafunguka kabla hajamaliza.