Bendi Isiyo na Timu

Leonard Kuzminski alipiga tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, katika bendi ya timu ya mpira wa Kimarekani ya Baltimore, na hakuacha hata timu yenyewe ilipoondoka. Tajiri mwenye timu aliipakia kwenye malori usiku wa theluji akaihamishia Indianapolis, bila hata kuaga. Mavazi ya bendi yalinusurika kwa sababu yalikuwa kwa dobi. Wanabendi wakayachukua, wakaendelea na mazoezi kana kwamba timu imetoka kidogo kwenda dukani.

Walipiga kwenye maandamano ya sikukuu na kwenye viwanja vya miji mingine wakati wa mapumziko. Wakiulizwa ni bendi ya nani, Leonard, aliyekuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha chuma, alijibu, "Ya timu inayokuja."

"Mimi nimeolewa na mgane," mkewe Bernadine aliwaambia majirani.

Aliyemwelewa Leonard ni kaka yake Bernadine, Emil Hrabak wa Cleveland. Kila msimu Emil alimwalika uwanjani kwao, akamkalisha kwenye benchi alilokuwa akikalia marehemu baba yake Emil, akamlisha soseji na haradali.

"Timu yetu ni yako pia, shemeji," Emil alizoea kumwambia. "Hasa tukifungwa."

Kisha Baltimore ikapata timu. Ilihamishwa kutoka Cleveland, ileile ya Emil.

Leonard aliisikia habari hiyo redioni akiwa jikoni. Alifurahi mno, na papo hapo akaona aibu. Hata hivyo alikwenda Cleveland kwenye mechi yao ya mwisho, maana kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Mechi ilipoisha watu walianza kung'oa viti ili wabaki na ukumbusho. Emil alitoa msumeno ndani ya koti, na Leonard akashika upande wa pili wa benchi ili mbao zisipasuke. Wakalikata.

"Nilikwambia timu yetu ni yako," Emil akasema lilipokatika. "Sikudhani ungeichukua yote."

Tangu hapo Emil akipiga simu alizungumza na dada yake tu. Leonard aliletewa salamu, na alijua wazi kwamba Bernadine anazitunga mwenyewe.

Mechi ya kwanza ya Baltimore ilipokaribia, Leonard aliing'arisha tuba, halafu akairudisha kwenye kasha. Akampigia Emil.

"Shemeji, mimi sipigi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Umepiga miaka yote hiyo huna timu, watu wanakucheka, na mimi nikiwemo. Leo timu imekuja ndiyo unafunga mdomo? Basi mimi nimenyang'anywa bure."

"Utaweza kusikiliza?"

"Nitazima televisheni. Acha upuuzi wako. Piga."

Akapiga. Uwanja ulifurika, na machozi yakamtiririka hadi kidevuni. Hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Jioni simu ililia. Bernadine alisikiliza kidogo, kisha akampa mumewe bila kusema ni nani.

"Ulizima?" Leonard akauliza.

"Nilizima," Emil akasema. Akakohoa. "Kwenye wimbo wa pili uliingia mapema. Ngoma ilikuwa bado."

Leonard akakubali kwamba ni kweli, aliingia mapema.